Kabati Namba 331.88: Mkutubi wa Skuli na Tawi la Walimu, Wete

Pemba ukisema "kuchambua", sura inayomjia mtu kwanza ni ya wanawake waliokaa jamvini usiku wa msimu, wanatenga karafuu na makonyo. Karafuu huku, kikonyo kule, mikono haina haraka na midomo iko kwenye mazungumzo. Kisa hiki cha mkutubi mmoja wa skuli na tawi lake la chama cha walimu nataka kukichambua hivyo, kwa sababu kila nilipokisikia kikisimuliwa nimekisikia kimechanganyika. Kwa mmoja, Bi Maktaba ndiye aliyelifufua tawi. Kwa mwingine, ndiye aliyelitia tawi mkobani akafunga zipu. Wote wawili wana ushahidi.

Na mimi si shahidi wa pembeni. Miaka hiyo nilikuwa mjumbe wa kamati ya wilaya, nilimpigia kura, nikamkasirikia, na ushauri mmoja niliompa ulikuwa mbaya. Jina la skuli na majina ya watu nimeyaacha. Yeye nitamwita Bi Maktaba, jina ambalo walimu wenzake walimpa kwa kejeli na mwishowe wakalizoea kama cheo.

Alivyofika maktaba

Skuli yenyewe iko wilaya ya Wete, ya mikondo miwili, wakubwa asubuhi na wadogo mchana. Maktaba ilikuwa stoo iliyotobolewa dirisha. Vitabu vingi ni vya msaada kutoka Uingereza, vizuri na vya rangi, ila ni vya Kiingereza. Vya Kiswahili, ambavyo ndivyo watoto wanavyogombania, ni vichache na vimechanika migongo.

Bi Maktaba hakuajiriwa kuwa mkutubi. Aliajiriwa akiwa mwalimu wa cheti, akasomesha Kiswahili darasa la tano na la sita kwa zaidi ya miaka kumi, mpaka pumu ikamshinda. Vumbi la chaki lilikuwa likimkaba kiasi cha kutoka nje katikati ya kipindi na kushikilia mlingoti wa bendera. Mkuu wa skuli wa wakati ule akamwambia, kwa nia njema kabisa, akapumzike maktaba.

Neno hilo "akapumzike" ndilo lililomfuata miaka yote. Skuli zetu nyingi zinaichukulia maktaba kama mahali pa kumweka mwalimu mgonjwa, mwalimu anayesubiri kustaafu, au mwalimu aliyekosana na mkuu. Anayekaa humo huhesabiwa kuwa ametoka kwenye safu. Asiposhika chaki, hata chai ya ofisini humfikia ikiwa imepoa.

Yeye akaomba ruhusa ya masomo. Akavuka bahari mara mbili, Pemba hadi Unguja na Unguja hadi Dar es Salaam, akapanda basi la Bagamoyo, kwenye chuo cha ukutubi na uhifadhi wa nyaraka kilichoko huko tangu 1989. Alirudi na cheti, na cheti hicho kina mkia wake ambao nitaufikia mwisho. Zaidi ya cheti alirudi na desturi mbili. Moja, kitu hakitoki mlangoni bila kuandikwa. Ya pili, mtu akikuuliza jambo, usimjibu kabla hujamuuliza wewe.

Barua iliyokuwa haifiki

Tawi wakati huo lilikuwepo kwa jina. Walimu walikatwa ada ya chama kila mwezi kwenye mshahara, wakaona tarakimu kwenye slipu, na uhusiano wao na chama ukaishia hapo. Mkutano wa tawi ulikuwa ukiitishwa Mei Mosi inapokaribia, kwa ajili ya fulana.

Siku moja maalim wa hisabati aliingia maktaba kujificha na jua. Alikuwa amerudi masomoni na shahada miaka miwili nyuma na bado analipwa kwa stashahada. Akalalamika, kama watu wanavyolalamika mbele ya mtu asiye na uwezo wa kuwasaidia, kwamba amepeleka barua ya kurekebishiwa mshahara mara tatu, na mara zote tatu ofisini wanasema haijafika.

"Nakala yake iko wapi?" Bi Maktaba akamuuliza.

"Sina."

"Uliipeleka lini?"

"Mfunguo wa tisa. Au Rajabu."

"Aliipokea nani?"

"Kijana mmoja wa masjala. Mrefu."

Naye akamwambia, na maneno haya walimu wa skuli ile wanayasema mpaka leo: "Maalim, mtoto wa darasa la nne akitaka kuazima hadithi ya kurasa kumi na sita, namwandika na anatia saini. Wewe umeitoa haki yako ukampa kijana mrefu."

Wakaandika barua ya nne pamoja. Bi Maktaba akachukua daftari kubwa la mistari, akalipiga safu kwa rula: tarehe, barua ya nani, inahusu nini, imepokelewa na nani, saini. Dispachi, kama ya ofisi yoyote. Hakubuni kitu. Alichofanya ni kuona kwamba ofisi ina daftari lake na mwalimu hana, na kwamba ugomvi wa mwenye daftari na asiye nalo umeshakwisha kabla haujaanza.

Mwezi uliofuata maalim aliambiwa, kwa mara ya nne, kwamba barua haijafika. Safari hii alikwenda na Bi Maktaba. Akafungua ukurasa, akauweka juu ya meza, hakusema neno. Karani akatazama saini akakuta ni yake. Barua ilipatikana kabla ya adhuhuri. Marekebisho yenyewe yalichukua miezi mingine minne, na malimbikizo zaidi ya hapo, lakini habari ya ule ukurasa ilifika Konde na Micheweni kabla ya maalim kufika kwake.

Unatafuta nini hasa?

Hapa ndipo wengi wanaosimulia kisa hiki wanapopita mbio, na mimi naona ndipo penye karafuu yenyewe.

Mkutubi anafundishwa kwamba msomaji hasemi anachotaka. Mtoto anakuja anasema, "Nataka kitabu cha sayansi." Ukimpa kitabu cha sayansi ataondoka nacho na kesho atakirudisha bila kukifungua. Ukimuuliza mawili matatu unagundua alitaka kujua kwa nini mbuzi wao anavimba tumbo. Basi kumbe alitaka ukurasa mmoja wa mifugo. Maswali hayo ya upole ni ufundi unaosomewa, una hatua zake, na nusu ya ufundi wenyewe ni kunyamaza baada ya kuuliza.

Bi Maktaba aliuchukua ufundi huo mzima mzima akaupeleka kwenye chama. Mwalimu akija na "naonewa", yeye huuliza: lini mara ya mwisho? Kwenye karatasi au kwa mdomo? Ulikuwa ukitarajia nini kikatokea kingine? Mwalimu wa kike mmoja aliyekuja akilia kwamba mkuu wake anamchukia, baada ya nusu saa ya maswali ikaonekana kwamba alikuwa hajalipwa nauli ya likizo, akaona haya kuidai, na mkuu alipomuuliza kwa nini anachelewa akachukulia ni chuki. Chuki huwezi kuiandikia barua. Nauli ya likizo unaweza.

Viongozi wetu wengi, nami nikiwemo, tulikuwa tukifanya kinyume. Mtu akija na "naonewa" tunapandisha sauti zaidi yake: kweli mnaonewa, na sisi hatutakubali! Anaondoka ameridhika, na hakuna kilichotokea. Ni kumpa mtoto kitabu chochote chenye picha.

Kila lalamiko akaliandikia kadi, zile kadi za katalogi zilizobaki kwenye droo tangu vitabu vilipoandikwa upya. Akazipanga kwa aina: marekebisho ya mshahara, malimbikizo, uhamisho, likizo, nidhamu. Akazitia kwenye kabati la chuma la maktaba na juu ya mlango wake akabandika namba 331.88. Walimu walidhani ni namba ya mali ya serikali. Ni namba ya vyama vya wafanyakazi katika mpango wa Dewey, ule ambao maktaba hutumia kupanga vitabu kwa namba za mada. Alikuwa akicheka peke yake.

Kadi zilipofika kama arubaini, jambo ambalo hakuna aliyeliona likaonekana lenyewe. Malalamiko ambayo kila mwalimu aliyadhani ni mkosi wake yalikuwa ya aina mbili tatu tu, na mengi yalikwama kwenye hatua ileile moja. Sasa halikuwa tena jambo la maalim wa hisabati na kijana mrefu.

"Basi nirudishiwe makato"

Uchaguzi wa tawi ulipofika jina lake likapendekezwa kwa ukatibu. Akasimama mzee mmoja, mwalimu mwema na mkali, akauliza kama mkutubi ni mwalimu. Hashiki chaki, hana kipindi, hasahihishi. Chama ni cha walimu. Wengine wakaona njia ya katikati: apewe kiti kwenye kamati ya wanawake, ambacho wakati huo kazi yake kubwa ilikuwa kuhesabu vikombe vya chai.

Bi Maktaba, kwa ile sauti yake ya kifua kilichobana, akasema: "Kama si mwalimu, basi nirudishiwe makato. Tangu mwezi wa kwanza nilioingia maktaba."

Ukumbi ukaangua kicheko, na kwa kawaida kicheko kama hicho kingetosha kumpitisha. Yeye hakukitumia. Akaomba isomwe katiba ya chama, ibara ya uanachama. Ikatafutwa nakala. Mwenyekiti hana. Katibu anayemaliza muda hana. Tawi zima, lenye miaka yote ile ya kukatwa ada, halikuwa na nakala hata moja ya katiba yake. Mkutano ukaahirishwa kwa wiki mbili, na baadhi ya watu, nakumbuka vizuri, walimlaumu yeye kwa kuahirishwa.

Wiki mbili baadaye alikuja na vivuli vitano vya katiba. Barua yake ya ajira ilikuwa ya ualimu na maktaba ilikuwa pangio la kazi tu, kwa hiyo ubishi wa uanachama haukuwa na miguu. Ila alileta na kitu kingine. Mwaka 1966, tarehe 5 Oktoba, tarehe ambayo tangu 1994 ndiyo Siku ya Walimu Duniani, UNESCO na Shirika la Kazi Duniani walipitisha Pendekezo kuhusu hadhi ya walimu. Aya yake ya kwanza kabisa inaeleza neno "mwalimu" kuwa ni watu wote katika skuli wenye dhamana ya elimu ya wanafunzi. Haisemi chaki. Akaisoma, akakaa.

Mzee yule akampigia kura, na akasema hadharani kwamba anampigia kwa sababu ya ile aya ya kwanza, si kwa sababu ya mzaha wa makato. Nakala moja ya katiba ikawekwa kwenye rafu ya maktaba, mahali pa kusoma bila kuazima.

Chake Chake

Mwaka uliofuata ujumbe wa wilaya ulikwenda Chake Chake kuonana na afisa mmoja mkubwa. Tulimchukua Bi Maktaba kwa shingo upande, maana hana sauti ya mkutano. Mwenyekiti wetu aliongea dakika ishirini na tano, akaanzia mgomo wa 1948 uliowaanza makuli wa bandari ya Unguja na kuenea mji mzima, akapita vyama huru kuvunjwa baada ya Mapinduzi ya 1964, akamalizia kwa Sheria ya Uhusiano Kazini Namba 1 ya 2005. Historia nzuri, na mimi huipenda. Afisa aliisikiliza huku akitia saini mafaili.

Bi Maktaba akaombwa aongeze. Akasukuma karatasi moja mezani. Safu nne: aina ya dai, idadi ya walimu, tarehe ya barua ya zamani zaidi, hatua lilipokwama. Afisa akaweka kalamu chini. Akauliza, "Hii tarehe mna ushahidi nayo?" Akaonyeshwa daftari. Akaita mtu wa masjala.

Naandika haya bila kumdharau mwenyekiti. Kwa mtumishi wa umma mgomo una ngazi ndefu kisheria, usuluhishi ukiwa mbele, na ofisi inalijua hilo kuliko sisi. Hotuba ya kishindo isiyo na karatasi nyuma yake inaipa ofisi kitu cha kusubiri tu: subiri mpaka wachoke. Karatasi yenye tarehe haichoki. Ila ni kweli pia kwamba bila ile historia ya mwenyekiti tusingepewa miadi, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akijuana na watu.

Wiki tatu

Kuanzia hapo kila kitu kikawa "mpelekee Bi Maktaba". Skuli za jirani zikaanza kuleta kadi zao. Wawakilishi wa skuli nyingine, ambao kazi yao ndiyo hiyo, wakawa matarishi: wanabeba bahasha kutoka kwa mwalimu, wanapanda gari, wanampa yeye, wanarudi. Yeye akapokea. Hakuwahi kumwambia mtu "fanya mwenyewe", kwa sababu aliona wanakosea safu, wanasahau tarehe, wanaandika "kijana mrefu". Ufunguo wa kabati ukaning'inia kwenye kamba ndani ya mkoba wake. Saa nne usiku yuko sebuleni kwake na kadi, mume amelala, na kipulizio cha pumu kiko juu ya meza.

Kisha mama yake akaugua, akampeleka Hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja. Alidhani siku nne. Zikawa wiki tatu.

Katika wiki ya pili ofisi ilitaka orodha iliyohakikiwa ya walimu wanaosubiri marekebisho, pamoja na vivuli vya vyeti, iwasilishwe Ijumaa. Vivuli vyote vilikuwa kwenye kabati namba 331.88. Ufunguo ulikuwa Unguja, kwenye mkoba, chini ya kitanda cha mgonjwa. Tulimpigia simu. Alikuwa akiogopa kumwambia mtu avunje kabati la skuli, ambalo ni mali ya serikali, na mkuu wa skuli hakutaka kubeba hilo. Tukajaribu kukusanya vyeti upya, lakini ilikuwa mwaka mkubwa wa karafuu na nusu ya walimu jioni wako mashambani kwao. Orodha iliyopelekwa Ijumaa ilikuwa pungufu. Walimu kadhaa walikosa awamu ile, na wawili kati yao walikuwa karibu na kustaafu, ambapo mshahara wa mwisho ni jambo zito.

Mwalimu mmoja kijana wa sayansi, aliyekuwa mmoja wa waliokosa, alisimama kwenye mkutano na kusema mbele yake, siku aliyorudi: "Hatuna chama. Tuna mkoba wa Bi Maktaba."

Nilimtazama. Hakujibu. Alikuwa amemleta mama nyumbani juzi yake tu.

Ushauri wangu na jibu lake

Alikuwa ameandika barua ya kujiuzulu. Nilikwenda kwake jioni, nikakaribishwa, na baada ya kumjulia hali mama nikampa ule ushauri ambao nimesema ulikuwa mbaya. Nilimwambia: "Tafuta msaidizi. Mpe ufunguo wa pili."

Akafikiri, akasema: "Kaka, ufunguo wa pili unafungua kabati lilelile. Watu wawili watakuwa nao badala ya mmoja. Siku wote wawili tukienda harusini Mkoani?"

Halafu akanieleza jambo nililokuwa silijui. Zamani maktaba nyingi zilikuwa za rafu zilizofungwa: msomaji anasimama dirishani, anaandika anachotaka, mkutubi anaingia ndani kumletea. Vitabu vilikuwa salama na mkutubi alikuwa mfalme. Maktaba za leo zimefungua rafu, msomaji anaingia na kuchukua mwenyewe. Vitabu vingine hupotea, vingine hurudishwa pasipo pake, na kazi ya mkutubi hugeuka: anapanga ili mtu mwingine aweze kukipata kitu bila yeye. Mhindi S. R. Ranganathan, katika kanuni zake tano za 1931, ya kwanza aliiweka kwamba vitabu ni vya kutumiwa. "Nimeyasoma haya Bagamoyo nikapata alama nzuri," akasema. "Watoto nikawafungulia rafu. Watu wazima nikawafungia."

Barua ya kujiuzulu hakuichana, kwa sababu si mtu wa kuchana karatasi. Aliitia kwenye faili.

Kufungua, na kufungua kupita kiasi

Alichofanya baadaye kilichukua mwaka na hakikuwa cha kuvutia. Jumamosi mbili kwa mwezi, mwakilishi mmoja wa skuli moja, meza moja, daftari moja jipya. Hakuwapa semina. Aliwakalisha na lalamiko la kweli, akawaacha waulize, akawaacha wakosee safu. Nilihudhuria moja. Mwakilishi aliandika barua ovyo mara tatu na Bi Maktaba alikuwa ameshika kiti kwa mikono miwili kama mtu aliye kwenye boti la Nungwi siku ya kusi. Hakuichukua kalamu.

Kila skuli ikabaki na dispachi yake na vivuli vyake. Kilichobaki kwa katibu ni faharasa tu: kadi inayosema dai gani liko skuli gani, na nakala ya faharasa hiyo ikakaa kwa mwenyekiti. Wawakilishi wawili waliacha kazi hiyo katika miezi ya mwanzo; walikuwa wameizoea ya utarishi. Madai yalikwenda polepole kuliko zamani, na walimu walilalamika kwamba Bi Maktaba amelewa cheo, hapokei tena bahasha.

Na katika kufungua huko alitenda kosa ambalo, kwangu, ni zito kuliko la kabati. Kwa furaha ya uwazi alibandika faharasa kwenye ubao wa ofisi ya walimu ili kila mtu aone dai lake limefika wapi. Hakuandika majina, aliandika skuli na aina ya dai. Mstari mmoja ulisema: uhamisho, sababu za kifamilia. Skuli ile ilikuwa na mwalimu mmoja tu aliyekuwa akiomba uhamisho. Pemba ni ndogo. Ndani ya siku mbili mtaa mzima ulikuwa ukizungumzia talaka ambayo mwenyewe hajawaambia hata wazazi.

Karatasi ikashushwa. Bi Maktaba alikwenda nyumbani kwa yule mwalimu baada ya Isha, peke yake, na alichosema huko hakunieleza wala sikumuuliza. Ninachojua ni utaratibu uliotoka humo: nidhamu, maradhi, ndoa na madeni havimo kwenye faharasa ya wazi. Vina bahasha iliyogandishwa na kutiwa saini juu ya gundi, na bahasha hiyo hukaa kwa mtu ambaye mwenye dai amemchagua mwenyewe. Ajabu yake, kabati namba 331.88 likarudi kufungwa, sasa likiwa na vitu vichache vinavyostahili kufungiwa.

Aligombea kamati ya wilaya mara moja akashindwa. Wengine walisema ni ule ubao. Wengine walisema mwanamke mwenye pumu na mama mgonjwa atasafiri vipi na boti kila mwezi. Swali hilo sijawahi kulisikia likiulizwa kwa mwanamume mwenye mama mgonjwa. Yule kijana wa sayansi, mwenye maneno ya mkoba, ndiye aliyekuwa wakala wake wa kura, na hakuwa ameyafuta maneno yake. Alisema ni kweli yalikuwa hivyo, na sasa si hivyo.

Kadi ya kwanza

Sasa ule mkia wa cheti. Tangu aliporudi Bagamoyo, Bi Maktaba analipwa kama mwalimu wa cheti aliyeanza kazi. Jibu alilopewa kwa mdomo ni kwamba alichosomea si ualimu, kwa hiyo hakihesabiki kwenye muundo wa walimu. Na kwa kuwa yeye ni mwalimu, hawezi kuingia kwenye muundo wa wakutubi. Ilani ya maktaba za skuli ya UNESCO na shirikisho la vyama na taasisi za maktaba duniani, IFLA, tangu 1999 inamtaja mkutubi wa skuli kuwa mtaalamu aliyefuzu anayefanya kazi pamoja na walimu. Kwenye slipu yake hayuko upande huu wala ule.

Kadi ya dai hilo aliiandika mwenyewe siku ile alipoanza kuandika kadi. Ni ya kwanza kwenye droo. Hakuwahi kuipeleka popote. Nilipomuuliza alisema ni aibu kiongozi kuanza na la kwake, na la kwake likifanikiwa watu watasema ndilo alilokuwa akilitafuta. Tulibishana sana. Nilimwambia kwamba kila mwalimu wa maktaba Unguja na Pemba aliyesoma kama yeye amekwama naye kwenye kadi ile, na kwamba kwa kuificha anawaficha na wao. Akanyamaza ile kimya yake ya baada ya kuuliza, ingawa safari hii aliyeuliza ni mimi.

Mwezi uliopita nilikuwa skuli moja ya upande wa Micheweni kwa shughuli nyingine. Mwakilishi wa pale, mmoja wa wale wa Jumamosi, alinionyesha dispachi yake kwa fahari. Kwenye ukurasa wa karibuni, safu zimepigwa rula, tarehe iko sawa, kulikuwa na mstari: barua kuhusu kutambuliwa kwa vyeti vya ukutubi kwa walimu waliopangiwa maktaba, majina sita. La Bi Maktaba lilikuwa la tatu, kwa mpangilio wa alfabeti. Nikauliza kama ameambiwa.

"Yuko kwenye orodha ya watakaoambiwa jibu likija," akasema.

Saini ya masjala ilikuwapo.